Mpigaji Pekee Hayuko Peke Yake: Istilahi za Onyesho la Chelo na Okestra

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri bila kupiga hodi ni karatasi ya maelezo ya onyesho la muziki. Karatasi yenyewe huwa ya ukurasa mmoja au miwili, imeandikwa kwa lugha ya kigeni, na hutakiwa kabla ya jua kuchwa. Haina sheria ndani yake wala dawa, kwa hiyo hapana anayeihofia. Hata hivyo ni karatasi hiyo itakayowaambia watu waliokwisha kaa vitini ni nani wamtazame, ni kitu gani wakisikilize, na watu wale wengine waliojaa jukwaani wako pale kwa kazi gani. Msikilizaji asiyeuzoea muziki ule hana mwongozo mwingine. Akiambiwa uongo na karatasi, atausikia uongo huo masikioni mwake hata mwisho wa onyesho.

Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno ya karatasi ya namna hiyo kwa kuyaweka mbele ya muziki wenyewe. Tumechagua onyesho la aina moja ambalo hufanywa mara kwa mara katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani: okestra ndogo ya wanafunzi, na mbele yake mpigaji mmoja wa chelo. Katika tungo zinazopigwa na makundi kama hayo tumechagua mmoja, yaani Koncheto ya Chelo katika ufunguo wa C ya Joseph Haydn, ambayo kwa udogo wa okestra inayoitaka huwafaa sana wanafunzi. Hoja yetu kubwa ni moja. Neno linalokuja kwanza kalamuni mwa mfasiri kwa kumtaja yule wa mbele, yaani "mpigaji pekee", halielezi anachokifanya. Na neno hilo likikaa, huwaharibia heshima wenzake wote. Lakini kabla ya kulifikia hatuna budi kupita kwenye maneno matatu mengine yaliyo njiani, maana istilahi hazikai moja moja. Huegemeana kama boriti za nyumba.

Okestra

Neno "okestra" limekwisha pata uraia katika Kiswahili, ila liliingia kwa mlango mwingine. Kwa mkazi wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 na 1980, okestra ilikuwa ni bendi ya dansi. Orchestra Maquis, Orchestra Makassy na Orchestra Safari Sound ndizo zilizolieneza jina hilo, na desturi yenyewe ya kuziita bendi hivyo ilitoka Kongo, ambako wanamuziki walilitumia neno la Kifaransa. Msomaji anayekumbuka magitaa na saksafoni za bendi hizo akisoma kwamba okestra ya chuo kikuu itapiga usiku wa leo, ana haki kabisa ya kuja na viatu vya kuchezea.

Wala wenye bendi hawakukosea. Asili ya neno hilo ni Kigiriki, na maana yake ya kwanza ni mahali pa kuchezea ngoma mbele ya jukwaa la maigizo. Kutoka mahali, neno likahamia kwa watu wanaokaa mahali hapo. Safari hiyo si ngeni kwetu: "ngoma" kwa Kiswahili ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli nzima. Basi hatuoni sababu ya kulifukuza neno "okestra", wala ya kuwanyang'anya wenye dansi. Linalohitajika ni sifa ya kulifuata.

Hapo ndipo mfasiri anapojikwaa. Lugha za Ulaya huita kundi dogo la aina hii okestra ya "chumba", kwa kuwa zamani lilipiga katika vyumba vya majumba ya wakuu, si kanisani wala katika jumba la maigizo. Tukiandika "okestra ya chumba", au vibaya zaidi "okestra ya chumbani", tumetafsiri jengo ambalo halipo tena. Mswahili akisikia "chumbani" huelewa mahali pa kulala. Kundi la wapigaji ishirini au thelathini linaloketi katika ukumbi wa chuo halina chumba chochote. Lina udogo, na udogo huo ndio unaoitofautisha na okestra yenye watu themanini au mia. Kwa hiyo "okestra ndogo" yatosha, na ile nyingine iwe "okestra kubwa".

Tuongeze neno juu ya yule anayesimama mbele yao na kijiti mkononi. Kumwita "kondakta" ni kumpandisha basini akakusanye nauli. "Mwongozaji" ni neno letu, linajulikana katika maigizo na filamu, na linafaa bila marekebisho. Tulikumbuke pia kwa sababu nyingine: likisha tumika kwa huyu, maneno ya uongozi hayawezi tena kutumika ovyo kwa wengine.

Chelo

Chombo chenyewe ni cha jamii ya fidla. Kina nyuzi nne, kila uzi ukiwa sauti tano juu ya uzi ulio chini yake. Mwili wake una urefu wa sentimita 75 hivi. Mpigaji huketi, akakiweka baina ya magoti, na kuvuta upinde juu ya nyuzi. Sauti yake huanzia chini, mahali pa sauti ya mwanamume mzito, na hupanda hadi mahali pa sauti ya mwanamke.

Jina kamili la Kitaliano ni violoncello, na limejengwa kwa namna ambayo msemaji wa lugha yenye "ki-" na "ji-" ataielewa upesi. Kwanza jina la chombo hukuzwa kwa kiambishi cha ukubwa, kisha jina lililokuzwa hupunguzwa tena kwa kiambishi cha udogo. Maana yake ni "ile kubwa iliyo ndogo". Waingereza walilifupisha jina wakabaki na mkia, yaani kiambishi cha udogo peke yake, kana kwamba sisi tungekitupa "kisu" tukabaki na "ki-". Mkia huo ndio uliotufikia. Hatuna ugomvi nao, maana lugha nyingi zimekwisha zoea kukata hivyo.

Ugomvi uko kwenye tahajia. Wapo wanaoandika "sello" au "selo". Kiitaliano na Kiingereza vyote viwili hutamka kwa "ch". Anayeandika "s" ameliunda neno kwa macho, si kwa masikio, isipokuwa msemaji wa Kiswahili wa Kongo, ambaye amelisikia kwa Kifaransa na ana udhuru. Zaidi ya hayo, wasemaji wengi wa Kiswahili hawatengi sana "l" na "r", na "sero" kwetu ni chumba cha mahabusu. Mpiga chelo hakustahili kupelekwa huko. Tuandike "chelo", kwani "ch" ni sauti iliyo nyumbani katika lugha hii.

Wengine wamependa "zeze kubwa". Nia yao ni njema, na sisi huwa wa kwanza kutetea neno la asili. Lakini zeze si jina lililo wazi likingoja mwenyewe. Ni chombo kilicho hai, chenye kibuyu chake, upigaji wake na mabingwa wake. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alikipeleka zeze cha Wagogo katika kumbi za ulimwengu kwa jina lake hilo hilo. Kumwita mgeni kwa jina la mwenyeji ni kumnyima mwenyeji jina. Tena pwani haikuona haja ya kufanya hivyo. Vikundi vya taarabu vya Unguja, kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoundwa mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vimeichukua chelo vikaiketisha pamoja na udi, kanuni, nai na fidla, kila chombo na jina lake. Chelo, basi, si mgeni wa jana katika Uswahili. Aliyeisikia chini ya wimbo wa taarabu amekwisha ijua sauti yake, hata kama hajaliona jina lake katika kamusi.

Koncheto

Neno la tatu ni jina la utungo wenyewe. Hapa kuna hatari ya maneno mawili ya kigeni yanayofanana: moja ni la onyesho, jingine ni la aina ya utungo unaopigwa katika onyesho. Mfasiri aliyeandika "konsati" kwa la kwanza na "konseto" kwa la pili amewapa wasomaji mapacha wasiotengana. Kwa la kwanza tunayo maneno yetu, "onyesho" na "tamasha", nayo yatosha. Kwa la pili tunapendekeza "koncheto", kwa kufuata tamko la Kitaliano kama tulivyofanya kwa chelo. Neno "wimbo" halifai, kwa kuwa wimbo una maneno na mwimbaji, na hapa hakuna lolote kati ya hayo.

Koncheto ni nini? Ni utungo wa sehemu kadhaa, aghalabu tatu, ambamo chombo kimoja au vichache husemezana na okestra. Neno lenyewe lina mizizi yenye ubishi: kwa Kitaliano kitenzi chake kina maana ya kupatana na kupanga pamoja, na kwa Kilatini kina maana ya kushindana. Maana zote mbili zimo ndani ya muziki, nasi twaona kwamba Kiswahili kinazifahamu pamoja. Watunzi wetu wa mashairi wana malumbano yao, na Mathias Mnyampala alizieneza ngonjera, ambamo pande mbili hubishana kwa zamu mpaka zikafikia mwafaka. Hatusemi kwamba koncheto ni ngonjera. Katika ngonjera mmoja hunyamaza mwenziwe anaposema, na katika koncheto, kama tutakavyoona, jambo kubwa hutokea pale ambapo hapana anayenyamaza. Lakini mwalimu anayetaka kulifafanua neno hili darasani ana pa kuanzia, nalo ni "majibizano".

Kazi yenyewe

Haydn, aliyezaliwa mwaka 1732 na kufariki mwaka 1809, aliingia katika utumishi wa ukoo wa Esterházy mwaka 1761. Koncheto ya C aliitunga katika miaka ya mwanzo ya utumishi huo, kati ya 1761 na 1765 hivi, kwa ajili ya Joseph Weigl. Kisha ikapotea. Kwa muda wa miaka mia mbili ilijulikana kwa mstari wake wa mwanzo tu, ambao Haydn mwenyewe aliunakili katika orodha ya kazi zake. Mwaka 1961 Oldřich Pulkert aliikuta nakala yake katika Makumbusho ya Taifa mjini Prague, na tarehe 19 Mei 1962 ikapigwa upya mjini humo, chelo ikipigwa na Miloš Sádlo na okestra ikiongozwa na Charles Mackerras. Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, hapana mwanafunzi wa chelo wa ngazi ya juu asiyeijua.

Jambo moja katika historia hiyo linahusu istilahi moja kwa moja. Weigl hakuwa mgeni aliyealikwa kutoka mbali. Alikuwa mpigaji wa chelo katika okestra hiyo hiyo, nayo ilikuwa kundi dogo la watu wasiofika ishirini. Haydn alimtungia mwenzake wa kazini. Na katika desturi ya karne ile, mpigaji wa mbele hakukaa kimya okestra ilipopiga yenyewe. Alirudi katika mstari wa sauti za chini akapiga na wenzake, kisha zamu yake ilipofika akatoka tena. Alikuwa mtu anayetoka kundini na kurudi kundini. Katika vyuo vikuu vingi vya leo hali imerejea karibu na hiyo bila kukusudiwa: anayekaa mbele mara nyingi ni mwanafunzi aliyeshinda mashindano ya chuoni, na wanaomzunguka ni wenzake, wengi wao wakisomea sheria, udaktari au uhandisi, si muziki.

Sasa tuufuate utungo wenyewe. Okestra yake ina oboi mbili, pembe mbili za shaba, na jamii ya fidla. Oboi ni nduguye zumari. Vyote viwili hutoa sauti kwa ndimi mbili nyembamba zinazotetema pamoja. Sehemu ya kwanza ina mwendo wa wastani. Okestra huanza, na huieleza lahani yote kabla ya chelo kusema neno. Chelo ikiingia, huingia kwa sauti kadhaa zilizopigwa kwa pamoja juu ya nyuzi zake, kama mtu aliyefungua milango yote miwili kwa mpigo mmoja, na inachokieleza ni lahani ile ile iliyokwisha tolewa na okestra. Haikuleta habari mpya. Imeipokea habari ya wenzake na kuirefusha, kuipamba, kuipeleka mahali ambapo fidla hazikufika. Anayeambiwa kwamba okestra ilikuwa "utangulizi" tu, na kwamba muziki umeanza sasa, amepotezwa: ulichokikosa katika dakika mbili za mwanzo hutakitambua kitakaporudi.

Sehemu ya pili ni ya polepole. Oboi na pembe hunyamaza. Hubaki nyuzi tupu. Fidla zikiwa zimeanza kuirudia lahani, chelo huingia kwa namna ambayo msikilizaji huenda asijue imeingia saa ngapi: kwa sauti moja tu, iliyoshikiliwa muda mrefu, chini ya lahani inayobebwa na wengine. Hapo ndipo palipo moyo wa kazi hii. Mtu aliyetangazwa kwa herufi kubwa katika karatasi ameingia kwa kuwashikilia wenzake. Na kana kwamba Haydn alitaka tusisahau, katika sehemu ya tatu, ambayo ni ya haraka sana, anafanya jambo lile lile: fidla zinakimbia na lahani, chelo inaingia kwa sauti ndefu isiyosogea, kisha kwa ghafla inachupa na kuwapita.

Mhakiki ana la kusema hapa kuhusu upigaji wa wanafunzi. Vijana hawa huwa na nguvu katika sehemu ya kwanza, ambayo mapigo yake yamekatwa wazi kama hatua za gwaride. Huko humwona kila mmoja akijua mahali pake. Huanguka katika sehemu mbili. Katika ile ya polepole, wa fidla humwona mpigaji wa mbele ameinua upinde, na kwa adabu ya kumpisha wakaipunguza sauti yao mpaka lahani ikafifia. Wameielewa vibaya adabu. Wakati ule lahani ni yao, na yeye ndiye anayewategemea. Katika sehemu ya tatu kosa huwa la upande wa pili: yeye wa mbele huchagua kasi inayomfaa vidoleni, na fidla za nyuma, zenye noti nyingi za haraka vile vile, hubaki zikimfukuza kama watoto nyuma ya gari. Kasi si ufundi. Ufundi ni kuchagua kasi ambayo mpigaji dhaifu kuliko wote katika safu ya nyuma ataweza kuitamka.

Makosa yote mawili yanatokana na fikira moja, kwamba yupo mtu mmoja na wengine ni zulia lake. Fikira hiyo haikuzaliwa na Kiswahili. Lakini Kiswahili chetu cha kwenye karatasi kinaitia chumvi.

Pekee

Tulitazame neno sasa. "Pekee" ni neno zito. Mtu pekee ni yule asiye na mwenzi. Mtoto wa pekee hana ndugu. Tukisema "mpigaji pekee wa chelo", msomaji mwangalifu ataelewa ama kwamba jukwaani hapana mtu mwingine, ama kwamba hapana mwingine ajuaye kupiga chelo, ilhali okestra ile ina chelo zake mbili au tatu zimeketi pale pale. Tafsiri imekamata neno la kamusi ikaliacha tendo.

Hatutaki neno hilo litupwe. Lina mahali pake pawili. Mahali pa kwanza ni katika tungo ambazo kwa kweli hupigwa na mtu mmoja. Mitungo sita ya Johann Sebastian Bach kwa chelo isiyo na chombo kingine, ya miaka ya 1720 hivi, ambayo Pablo Casals aliifufua baada ya kuikuta dukani mjini Barcelona mwaka 1890, ni ya mpigaji pekee kwa haki zote. Mara nyingi mpigaji aliyemaliza koncheto akishangiliwa sana huketi tena na kupiga kipande kimoja cha mitungo hiyo kama shukrani. Wakati huo ndipo anapokuwa pekee, na okestra nzima hugeuka kuwa wasikilizaji.

Mahali pa pili ni ndani ya koncheto yenyewe. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, na tena karibu na mwisho wa sehemu ya pili, okestra husimama juu ya sauti moja na kumwachia uwanja. Yeye hupiga bila mtu, kwa muda mfupi, akichezea lahani zilizopita, mpaka atoe ishara na wote warudi. Wapigaji hujitungia vipande hivyo au hutungiwa na wengine. Benjamin Britten alivitunga kwa ajili ya Mstislav Rostropovich mwaka 1964. Mwenye kujua taarabu atakumbuka taksimu, ambayo nayo humpa mpigaji mmoja nafasi ya kuonyesha alichonacho, ingawa taksimu mara nyingi hufungua mlango na hiki huufunga. Tungependa kukiita "kipande cha pekee". Basi "pekee" liwe jina la muda, lisiwe jina la mtu. Kati ya dakika ishirini na tano hivi za koncheto hii, mpigaji huwa pekee dakika chache tu. Kumpa jina hilo kwa zote ni sawa na kumwita msafiri kwa jina la kituo kimoja alichopumzika.

Sogora na waitikiaji

Tumwite nani, basi? "Mpigaji kiongozi" tunalikataa: yupo mwongozaji mwenye kijiti, na yupo kiongozi wa fidla anayeketi kiti cha kwanza. "Mpigaji mkuu" ni cheo cha ofisini. "Nyota" linamtenga zaidi kuliko "pekee".

Sisi twapendekeza "sogora". Sogora kwa Kiswahili ni fundi aliyebobea, hasa katika kupiga ngoma. Neno hilo lina sifa tatu zinazotufaa. Kwanza, linataja ufundi, halitaji upweke. Pili, linadai kuwapo kwa wengine, maana ngoma ya sogora ina vumi na chapuo pembeni yake, na usogora wake huonekana kwa jinsi anavyozijibu. Tatu, ni neno ambalo limeanza kusahauliwa, na istilahi ni njia mojawapo ya kuyarudisha kazini maneno yaliyokaa bure. "Sogora wa chelo" atakuwa mtu wa ngoma kwa asili na mtu wa nyuzi kwa nyongeza, kama vile "fundi" alivyoanza na chombo kimoja akaishia na vyote.

Tunajua litakalosemwa. La kwanza, kwamba sogora ni wa ngoma na asitolewe kwenye ngoma. Tulikwisha kataa kuliazima zeze, je, hatujipingi? Hatujipingi. Zeze ni jina la kitu, na kitu hakiwezi kuwa viwili. Sogora ni jina la daraja la ustadi, na daraja hupandwa na watu wengi bila kumshusha yeyote. La pili, kwamba neno halijulikani kwa vijana. Hilo ni kweli, lakini "koncheto" nalo halijulikani, na kati ya maneno mawili yanayohitaji kufundishwa, ni afadhali moja liwe letu. La tatu lina uzito zaidi: kwamba mtumishi wa serikali hana muda wa kueleza sogora katika kadi ya mwaliko. Kwa kadi, tunasema, iandikwe kwa urahisi, "Okestra Ndogo ya Chuo Kikuu pamoja na mpiga chelo fulani". Kiunganishi "pamoja na" kinasema kweli kwa maneno mawili, na kweli hiyo haihitaji kamusi.

Limebaki neno la wale wengine. Mfasiri aliyemwita mmoja "pekee" huandika bila kusita kwamba okestra "ilimsindikiza". Kusindikiza ni tendo la heshima barabarani, mwenyeji akimtoa mgeni hadi njia panda. Lakini katika mazungumzo ya siku hizi msindikizaji ni yule aliyeingia katika mashindano bila matumaini, akaongeza hesabu tu. Wanafunzi thelathini waliofanya mazoezi kwa majuma mengi baada ya masomo yao, wanaobeba lahani ya sehemu ya polepole huku chelo ikiwashikilia kutoka chini, wameandikwa wasindikizaji. Tuna kitenzi bora, nacho kila aliyekulia penye nyimbo za kazi, za harusi au za kanisani anakijua: "kuitikia". Mwitikiaji si mfuasi. Wimbo wa kuitikiana ukikosa waitikiaji haupungui, haupo. Na pale ambapo okestra inaanza na sogora anafuata, tuseme vile vile bila woga kwamba sogora ndiye aliyeitikia.

Mapendekezo

Kwa kufupisha, tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na maafisa wanaotayarisha maelezo ya maonyesho ya aina hii:

1. "Okestra ndogo" itumike kwa kundi la wapigaji wachache, na "okestra ya chumba" iachwe.

2. "Mwongozaji" litumike kwa mwenye kijiti. "Kondakta" abaki na abiria wake.

3. Chombo kiandikwe "chelo", na mwenye kukipiga "mpiga chelo".

4. "Onyesho" au "tamasha" liwe la tukio, na "koncheto" liwe la utungo.

5. Anayekaa mbele katika koncheto aitwe "sogora". "Mpigaji pekee" liwekwe akiba kwa tungo za mtu mmoja, na "kipande cha pekee" kwa muda ambao okestra imenyamaza.

6. Okestra isemwe kuwa "inaitikia" au "inapiga pamoja na" sogora, isiwe "inamsindikiza".

Hatudai kwamba orodha hii imemaliza kazi. Yako maneno ya ufunguo, ya mapigo na ya upindo wa lahani ambayo walimu wa kwaya, waliozoea kuimbisha kwa do re mi, wanayo tayari vinywani, nayo yangefaa kukusanywa kabla ya kubuniwa mengine. Tulilolitaka ni kuonyesha kwamba istilahi ya muziki haichaguliwi kwa kulitazama neno la kigeni peke yake. Mfasiri akae kwanza asikilize. Akiisikia sauti ile ndefu ya chelo ikiingia chini ya fidla katika sehemu ya pili, kalamu yake yenyewe itakataa kuandika "pekee".